Namna ya kuuchambua mvutano wa Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge, 1625 hadi 1642

Wengi wanaoombwa waeleze kwa nini Uingereza iliingia vitani mwaka 1642 huanza na hukumu: mfalme alikuwa dhalimu, Bunge lilitetea haki, vita vikazuka. Maelezo hayo ukiyapima kwa tarehe hayasimami. Mnamo Novemba 1640, Bunge lilipokutana Westminster, Charles alikuwa karibu peke yake. Hata watu waliokuja kumfia baadaye walikuwa wakati huo wakiwashambulia mawaziri na majaji wake. Mnamo Oktoba 1642 alikuwa na jeshi la maelfu kwenye mapigano ya Edgehill, na malodi wengi, yaani makabaila wenye vyeo, pamoja na sehemu kubwa ya wabunge walikuwa upande wake.

Kwa hiyo maswali ni mawili. Kwa nini mfalme alikuwa amebaki mpweke kufikia 1640? Na alipataje watu wa kumpigania ndani ya miezi isiyozidi 24? Ukijibu la kwanza tu, umeeleza ugomvi lakini hujaeleza vita, maana mfalme asiye na wafuasi hawezi kupigana. Hatua zilizo hapa chini zinafaa kwa insha, kwa kuandaa somo, au kwa msomaji anayetaka kuyapanga mambo vizuri kichwani.

Sawazisha tarehe kabla ya jambo lolote

Wakati huo Uingereza ilitumia kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma kwa siku 10 ikilinganishwa na ile ya Gregori iliyokwisha kushika Ufaransa, Uhispania na Venice. Zaidi ya hapo, mwaka mpya wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Hivyo nyaraka za Bunge huliweka jaribio la mfalme la kuwakamata wabunge watano katika Januari 1641, ilhali sisi tunaandika Januari 1642. Asiyejua hili hulitanguliza tukio hilo mbele ya kesi ya Strafford, waziri wa mfalme aliyeshtakiwa na Bunge mwaka 1641, na mbele ya uasi wa Ireland, kisha maelezo yake yote yanakwenda kombo.

Kanuni ni hii: siku na mwezi viache kama vilivyo kwenye waraka, lakini hesabu mwaka kana kwamba umeanza tarehe 1 Januari. Mtego uko kwenye tarehe za 1 Januari hadi 24 Machi tu. Katika daftari lako andika mtindo wa 1641/2 ili usisahau. Uskoti ilikuwa imekwisha kuhamishia mwaka mpya tarehe 1 Januari tangu 1600, kwa hiyo Agano la Taifa, kiapo cha Waskoti cha kupinga mageuzi ya mfalme katika kanisa lao, lililoanza kutiwa saini Edinburgh mwishoni mwa Februari liliandikwa 1638 huko, wakati karani wa London siku hiyohiyo angeandika 1637. Barua za mabalozi wa nje nazo ziko siku 10 mbele. Zipunguze kabla ya kuzilinganisha na kumbukumbu za Bunge.

Jua Bunge lilikuwa kitu gani

Bunge la wakati ule halikuwa chombo cha kudumu chenye ratiba yake. Mfalme aliliita alipolihitaji na kulivunja alipochoka nalo. Charles aliita Bunge mwaka 1625, akaliita tena 1626, kisha 1628. Hilo la mwisho alilivunja tarehe 10 Machi 1629, na hakuna jingine lililokutana hadi 13 Aprili 1640. Halikuwa pia na vyama. Lilikuwa na mabaraza mawili: la Malodi, na la Makabwela, yaani wabunge waliochaguliwa. Baraza la Makabwela lilijaa mabwana wenye ardhi, wanasheria na wafanyabiashara, na katika majimbo mpiga kura alitakiwa awe na ardhi ya kumwingizia angalau shilingi 40 kwa mwaka. Usiandike kama kwamba John Pym, kiongozi wa wabunge waliompinga mfalme, alidai demokrasia. Alichodai, na kukiamini kwa dhati, ni kwamba sheria za kale zilikuwa zinavunjwa na washauri wabaya. Hoja za pande zote mbili zilitazama nyuma, kwenye desturi.

Fuata pesa, na kila mara uliza nani aliridhia

Pauni 1 ilikuwa shilingi 20, na shilingi 1 ilikuwa peni 12. Mfalme alitarajiwa kuendesha serikali wakati wa amani kwa mapato yake mwenyewe: ardhi ya Taji, ushuru wa forodha, na haki za kimwinyi kama vile ulezi wa warithi wadogo. Kodi ya Bunge ilikuwa ya mahitaji ya pekee, hasa vita. Vita dhidi ya Uhispania tangu 1625, na dhidi ya Ufaransa tangu 1627, ndivyo vilivyoikausha hazina.

Chora jedwali la safu nne: tozo, mwaka, hoja ya mfalme, na aliyeridhia. Mstari wa kwanza uwe wa ushuru uliotozwa mapipa ya mvinyo na thamani ya bidhaa. Tangu karne ya 15 ilikuwa desturi mfalme mpya kupewa ushuru huo kwa maisha yake yote. Mwaka 1625 Baraza la Makabwela likakubali kumpa wa mwaka mmoja tu, muswada ukakwama kwa Malodi, naye akaendelea kutoza bila sheria yoyote. Chini yake weka mkopo wa lazima wa 1626 na 1627, halafu faini za wale wenye ardhi ya pauni 40 kwa mwaka au zaidi ambao hawakujitokeza kupewa unaiti alipotawazwa. Ukifika safu ya nne utaona inabaki tupu mstari baada ya mstari. Hilo ndilo jedwali linalotaka kukuonyesha.

Kodi ya meli inastahili muda zaidi kuliko tozo nyingine zote, kwa sababu ndani yake mvutano mzima unaonekana kwa ukubwa unaoweza kushikika. Kwa desturi miji ya pwani ilitakiwa kutoa meli au fedha za meli nchi ikiwa hatarini. Mwaka 1634 hati za mfalme zilipelekwa pwani, na hapo hapakuwa na jambo geni sana. Mwaka 1635 zikapelekwa nchi nzima. Buckinghamshire, jimbo lisilo na hata hatua moja ya ufuo, liliamriwa litoe meli ya tani 450, au pauni 4,500 badala yake. Mkuu wa jimbo, yaani sherifu, aligawa kiasi hicho kwa vijiji na watu, na upungufu ukitokea ulimwangukia yeye. John Hampden alikuwa tajiri, na kiasi kilichobishaniwa mahakamani kilikuwa shilingi 20 tu kwa ardhi yake ya Stoke Mandeville. Kesi ilisikilizwa na majaji 12, na mwaka 1638 wakagawanyika 7 kwa 5, mfalme akashinda.

Hapa makosa mawili hurudiwa sana. La kwanza ni kusema mfalme alizifuja fedha hizo. Sivyo, zilikwenda kweli kwenye meli za kivita. La pili ni kusema watu waligoma tangu mwanzo. Hadi 1638 zaidi ya sehemu tisa za kumi za fedha zilizotakiwa zililipwa, na mporomoko ulikuja 1639 na 1640, wakati mfalme alikuwa tayari anahangaika na Waskoti. Sasa kama watu walilipa, malalamiko yalikuwa nini? Yalikuwa kwamba mfalme peke yake ndiye aliyeamua kama kuna hatari. Mtu akiwa na haki ya kutangaza dharura apendavyo, na dharura inampa haki ya kutoza, basi hahitaji tena kuliita Bunge maishani mwake. Andika hoja hiyo kwa maneno yako, kwa ukamilifu. Msahihishaji makini ataitafuta.

Soma Ombi la Haki ukiwa na kalamu ya risasi

Hati hii, ambayo Bunge lilimpelekea mfalme mwaka 1628, ni fupi, hivyo isome yote badala ya kutegemea muhtasari. Toa madai yake manne na pembeni ya kila moja andika tukio lililolizaa. Kutotoza kodi wala mkopo bila ridhaa ya Bunge: mkopo wa lazima. Kutomfunga mtu bila kutaja kosa lake: kesi ya manaiti watano ya Novemba 1627, waliofungwa kwa kukataa mkopo huo huku amri ya kuwafunga ikitaja utashi wa mfalme tu. Kutowalaza askari kwenye nyumba za raia, na kutotumia sheria za kijeshi wakati wa amani: haya yanatokana na majeshi ya Cádiz mwaka 1625 na kisiwa cha Ré mwaka 1627, yaliyorudi yameshindwa, bila mishahara, yakatawanywa kusini mwa nchi.

Kisha angalia majibu ya mfalme. Tarehe 2 Juni alitoa jibu la kuzungukazunguka. Wabunge hawakuridhika, wakataka maneno yaleyale ya kale ya Kifaransa ambayo hufanya ombi la haki likubalike kisheria, na tarehe 7 Juni akayatoa. Kilichofuata ndicho kilichowauma: nakala zilizochapishwa baadaye zilibeba pia lile jibu la kwanza, na alipowaahirisha alitangaza kwamba ushuru wa forodha haumo katika hati hiyo. Kimaandishi alikuwa na pa kushikia, maana hati haiutaji kwa jina. Kwa wabunge ilikuwa hila. Ukitaka kujua imani ilianza kuvunjika lini, usingoje 1640. Ilianzia hapa.

Mwaka uliofuata, tarehe 2 Machi 1629, Spika John Finch alitaka kusimama ili kikao kiishe kwa amri ya mfalme. Denzil Holles na Benjamin Valentine wakamkandamiza kitini kwa mikono, milango imefungwa, hadi maazimio matatu ya Sir John Eliot yapite: yeyote anayeleta mageuzi katika dini, anayeshauri kutoza ushuru bila Bunge, au anayeulipa kwa hiari, ni adui wa nchi. Eliot alikufa akiwa mfungwa katika Mnara wa London mwaka 1632.

Mfuate mtu mmoja mmoja

Njia bora ya kuepuka maelezo ya pande mbili zilizokaa palepale miaka 17 ni kuchagua watu watatu au wanne na kuandika walikuwa wapi 1628, 1637, 1640 na 1642. Finch huyo wa kitini alikuwa mmoja wa majaji saba waliomshinda Hampden, na Desemba 1640 alikimbilia Uholanzi kukwepa mashtaka ya Bunge. Thomas Wentworth aliwekwa kizuizini kwa kukataa mkopo wa lazima na alikuwa sauti kubwa ya wabunge 1628, kisha akawa mtumishi mkali kuliko wote wa mfalme, akapewa cheo cha Earl wa Strafford, akakatwa kichwa tarehe 12 Mei 1641. Edward Hyde ni wa thamani zaidi kwa swali letu la pili. Aliwaandama majaji wa kodi ya meli mwaka 1640 na 1641, na mwaka 1642 ndiye aliyekuwa akimwandikia mfalme majibu yake kwa Bunge. Hyde hakubadili mawazo yake kuhusu kodi ya meli. Kilichobadilika ni jambo ambalo aliliona limekuwa hatari kubwa zaidi kwa sheria.

Ongeza jedwali la falme tatu

Charles alikuwa mfalme wa Uingereza, Uskoti na Ireland. Bila safu tatu huwezi kueleza kwa nini miaka 11 ya kutawala bila Bunge iliisha, kwa sababu ndani ya Uingereza yenyewe hapakuwa na mtu aliyeweza kumlazimisha.

Dini ndiyo iliyofungua mlango. Askofu Mkuu William Laud, aliyeshika Canterbury mwaka 1633, alitaka meza ya ushirika isogezwe mwisho wa mashariki wa kanisa na kuzungushiwa uzio, na ibada zifuate taratibu kamili. Kwa Waprotestanti wengi hiyo ilikuwa njia ya kurudi Roma, na malkia Mkatoliki mwenye kanisa lake alizidisha hofu. Mwaka 1637 Star Chamber, mahakama ya washauri na majaji wa mfalme, iliwakata masikio waandishi Prynne, Bastwick na Burton na kuwatoza faini ya pauni 5,000 kila mmoja kwa maandishi yao. Usiwaite wote waliochukia mambo haya Wapuritani, yaani Waprotestanti wakali waliotaka kanisa litakaswe zaidi, kwani wengi walikuwa waumini wa kawaida waliopenda kanisa lao kama walivyolirithi.

Julai 1637 kitabu kipya cha sala, kilichoamriwa na mfalme, kikasomwa Edinburgh na ghasia zikatokea. Likafuata Agano la Taifa, kisha vita vya 1639 kati ya mfalme na Waskoti. Bunge Fupi, lililoitwa ili litoe fedha za vita hivyo, lilikaa wiki tatu tu, kuanzia 13 Aprili hadi 5 Mei 1640, likavunjwa bila kutoa senti. Agosti Waskoti wakashinda Newburn na kuichukua Newcastle. Kwa mapatano ya Ripon, jeshi lao lilipwe pauni 850 kwa siku. Piga hesabu: siku 30 ni pauni 25,500. Fedha hizo zingeweza kutoka kwa Bunge tu, na mfalme asingethubutu kulivunja Bunge Refu la 3 Novemba 1640 wakati jeshi la kigeni limekaa kaskazini likisubiri malipo.

Gawanya 1640 hadi 1642 vipande viwili

Hapa ndipo majibu mengi mazuri huanguka, kwa sababu mwandishi amechoka na anakimbilia vita.

Kipande cha kwanza kinaishia Agosti 1641, nacho ni cha makubaliano. Februari ilipita sheria ya kulazimisha Bunge kuitwa angalau kila miaka mitatu. Tarehe 10 Mei mfalme aliridhia mambo mawili kwa siku moja: kuuawa kwa Strafford, na sheria kwamba Bunge hili lisivunjwe bila ridhaa yake lenyewe. Julai Star Chamber na mahakama kuu ya kanisa zilifutwa, na Agosti kodi ya meli ikatangazwa haramu. Yaani safu ile tupu ya jedwali lako imejibiwa yote. Kama chanzo cha vita kingekuwa kodi peke yake, mambo yangeishia hapo. Sisitiza jambo hili, maana ndilo linalotenganisha jibu linalofikiri na jibu linalosimulia.

Kipande cha pili ni cha mpasuko. Maombi ya kung'oa uaskofu mzizi na tawi yalikuwa yamekwisha kuwatisha watu kama Hyde. Kisha tarehe 23 Oktoba 1641 Wakatoliki wa Ireland wakaasi, na habari za mauaji zikafika London zikiwa zimevimba. Kila mtu alikubali jeshi linahitajika. Lakini nani aliongoze? Kumpa mfalme, baada ya Ombi la Haki na njama za maofisa wa jeshi dhidi ya Bunge za mwaka huohuo, ni kumpa upanga ambao angeweza kuugeuzia Westminster. Kumnyima ni kumpokonya mfalme mamlaka ambayo hakuna aliyekuwa ameyatilia shaka hapo kabla. Katika hali hiyo Pym alipeleka Malalamiko Makuu, orodha ndefu ya makosa ya utawala tangu 1625. Yalipita usiku wa 22 kuamkia 23 Novemba kwa kura 159 dhidi ya 148. Tofauti ya 11 ndiyo ushahidi wako mkuu kwamba mfalme sasa alikuwa na watu.

Alikaribia kuwapoteza tena tarehe 4 Januari 1642, alipoingia ukumbini akiwa na mamia ya watu wenye silaha nje, kuwakamata Pym, Hampden, Holles, Haselrig na Strode. Walikuwa wamekwisha kuondoka kwa njia ya mto. Spika William Lenthall alipiga magoti akamjibu kwamba hapo alipo hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama Baraza litakavyomwelekeza. Tarehe 10 mfalme aliondoka London, na hakurudi ila akiwa mfungwa. Machi mabaraza mawili yalitoa Amri ya Wanamgambo bila ridhaa yake, jambo lisilo na mfano wake, naye akajibu kwa kufufua hati za zama za kati za kukusanya askari. Tarehe 23 Aprili Sir John Hotham, aliyeushika mji wa Hull kwa niaba ya Bunge, alimfungia mfalme malango yake, palipohifadhiwa silaha za vita vya Waskoti. Kwa Hyde na wenzake, sasa aliyevunja sheria alikuwa Bunge.

Kupanga jibu na kulikagua

Kwa insha ya maneno 1,000, tenga takriban 100 kwa msimamo wako, 350 kwa swali la kwanza, 450 kwa la pili, na yanayobaki kwa kupima uzito wa sababu. Kupima si kuorodhesha. Chukua kila sababu, iondoe, uulize mnyororo ungekatikia tarehe gani. Ondoa Waskoti, na Bunge la 1640 haliitwi. Ondoa Ireland, na suala la jeshi linaweza kusubiri. Ondoa kuvunjika kwa imani, na jeshi la kupelekwa Ireland linaweza kuwa chini ya mfalme kama ilivyokuwa desturi.

Ukimaliza, pitia mambo yafuatayo. Je, Oliver Cromwell, aliyekuja kuwa jemadari wa Bunge vitani, ametokea zaidi ya mara moja? Kabla ya vita alikuwa mbunge wa kawaida, wa Huntingdon mwaka 1628 na wa Cambridge mwaka 1640. Akitawala insha yako, umechanganya vipindi. Je, umewataja wafuasi wa mfalme kama kundi kabla ya vuli ya 1641? Futa. Je, umesema makabaila walipigana na wafanyabiashara? Malodi na wenye ardhi walikuwa pande zote mbili.

Mwisho, amua vita vilianza lini na utetee. Bendera ya mfalme iliinuliwa Nottingham tarehe 22 Agosti 1642, na hiyo ndiyo tarehe ya kawaida, lakini mtu alikuwa amekwisha kuuawa katika purukushani za Manchester mwezi Julai. Ukiichagua Nottingham, sababu yako iwe kwamba siku ile mfalme mwenyewe alitangaza hadharani kuwa anapigana. Ukiichagua Hull, sababu yako iwe kwamba hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu mwenye silaha alimzuia mfalme kwa amri ya Bunge.